Jina Lako Liko Wapi? Miaka Mitano Mjini Leicester

Mji wa Leicester uko katikati ya Uingereza, kiasi cha kilomita 160 kaskazini ya London. Mgeni ashukaye garimoshi pale, akashika njia ya kusini-mashariki kwa miguu, haitatimia nusu saa ila atajikuta katika barabara ya Evington. Hapo atastaajabu kidogo. Mbele ya maduka zimepangwa bamia, ndizi za kupika, nazi, pilipili na maembe. Madirishani yametundikwa majuba na mitandio. Wazee wenye kofia nyeupe watembea polepole kuelekea msikitini, na kina mama wa Kisomali wasukuma vigari vya watoto huku wakizungumza kwa sauti kama walioko sokoni kwao. Sensa ya 2021 ilionyesha kwamba Waislamu ni karibu robo ya wakazi wa mji huu.

Nilifika huko Februari 2019, nikitokea Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, kumfuata mume wangu. Wiki ya kwanza sikuvua koti hata ndani ya nyumba. Wiki ya pili nilijikaza nikatoka kwenda kutafuta mihogo. Nilikuwa nimeinama juu ya kreti nikiigeuza, mara nikasikia sauti nyuma yangu: "Hiyo imelala, mwanangu. Usiichukue."

Nilidhani ni baridi iliyoniingia masikioni. Nilipogeuka nilimwona bibi wa Kihindi, mfupi, mwenye mtandio mweupe na fimbo. Akaniuliza, "Wewe wa wapi?" Nikamwambia ni wa Mombasa. "Mombasa najua, nimekusikia ukihesabu. Mtaa gani?" Nikamjibu, Kibokoni. Naye akacheka, akaiegemeza fimbo yake kwenye kreti, akaniamkua upya kana kwamba ndipo tulipoonana. "Mimi wa Bondeni," akasema. "Msikiti wa Mandhry bado upo?"

Tangu siku hiyo nikawa namwita Bi Mkubwa, na nyumba yake ikawa ndiyo nyumba yangu ya pili. Ni yeye aliyenifunza mengi ya mji ule: lini mihogo mipya huteremshwa, basi lipi lafika sokoni, na namna ya kufuturu mwezi wa Mei, wakati adhana ya Magharibi haiingii mpaka karibu na saa tatu za usiku. Lakini lililo kubwa alilonifunza ni swali moja, nalo ndilo lililonifanya niiandike makala hii.

Mwezi wa tatu tangu nifike, alikuja kwangu kunywa chai. Barua zilikuwa zimerundikana juu ya meza: bili ya gesi, bili ya maji, kodi ya baraza la mji, mkataba wa nyumba. Alizitazama moja moja, bila ya haya, kama mtu anayechagua mchele. Kisha akaniuliza: "Jina lako liko wapi?"

Nikamwambia bili ni za mume wangu, naye ndiye anayelipa. Akasema, "Anayelipa simuulizi. Nauliza jina lako liko wapi."

Ili kulielewa swali hilo yafaa kujua alikotoka aliyeliuliza. Bi Mkubwa alizaliwa Mombasa, lakini wazazi wake wote wawili walizaliwa Kutch, India. Kenya ilipopata uhuru, tarehe 12 Disemba 1963, aliyezaliwa nchini na mmoja wa wazazi wake naye akawa amezaliwa nchini alikuwa raia papo hapo. Waliokuwa kama yeye walipewa miaka miwili kuomba uandikishaji. Mumewe alikuwa na duka la vitambaa; kila mwezi husema ataomba mwezi ujao. Miaka miwili ikapita. Mwaka 1967 zikaja sheria za Kenya zilizowataka wasio raia wawe na vibali vya kazi na leseni maalumu za biashara. Duka likafungwa.

Walikuwa na pasipoti za Uingereza, nao wakadhani huo ni mlango usiofungwa. Lakini Februari 1968, watu walipoanza kumiminika viwanja vya ndege, bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya kwa siku tatu tu, ikaanza kutumika tarehe 1 Machi. Aliyekuwa na pasipoti ya Uingereza, lakini hana mzazi wala babu aliyezaliwa Uingereza, hakuruhusiwa tena kuingia kwa hiari yake. Aliwekwa kwenye foleni ya vibali, navyo vilikuwa 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia.

Katika zama zile wake wengi waliandikwa ndani ya pasipoti za waume zao. Hapasafiri mke ila pasafiri mume. Lakini babake Bi Mkubwa, kwa sababu aliyoijua mwenyewe, alikuwa amemtolea bintiye pasipoti yake peke yake. Ndiyo iliyomwezesha kupanda ndege na mtoto mchanga mwishoni mwa Februari, siku chache kabla mlango kufungwa. Mumewe alikuwa amebaki nyuma kuuza mali ya duka. Alimfuata baada ya miaka zaidi ya miwili. Katika miaka hiyo Bi Mkubwa alishona soksi na fulana katika viwanda vya Leicester, akalipa kodi ya chumba na kumlea mtoto. "Lau jina langu lingekuwa ndani ya pasipoti yake," aliniambia, "ningengoja naye foleni Mombasa, wala nisingejua tungekula nini."

Nasi watu wa pwani hatuwezi kumcheka mtu kwa hadithi kama hiyo. Ni wangapi kati yetu walioombwa karatasi za babu aliyekufa kabla ya uhuru, ili wapewe kitambulisho cha nchi waliyozaliwa? Twajua vyema kwamba mtu huweza kuwa mtu wa mahali kwa lugha, kwa kaburi la mzazi na kwa mnazi alioupanda, kisha karatasi moja ikasema sivyo.

Hata mfalme hakusalimika. Leicester ndipo mwaka 2012 yalipochimbuliwa mabaki ya Mfalme Richard III chini ya maegesho ya magari. Wataalamu hawakumkubali kwa maneno. Walilinganisha vinasaba vya mifupa yake na vya watu wa ukoo wa dadake walio hai leo, ndipo wakamzika upya kwa heshima kanisani mwaka 2015. Bi Mkubwa alipenda kusema kwamba ikiwa mfalme mwenyewe alitakiwa kuleta ushahidi wa nasaba, sembuse mimi wa Kibokoni.

Basi nilianza kuukusanya ushahidi wangu. Sheria iliyonihusu ni hii: mke au mume aliyeingia Uingereza kwa viza ya ndoa hukaa huko miaka 5, kwa vibali viwili vinavyofuatana, ndipo aombe makazi ya kudumu. Ombi hilo lataka mambo kadhaa. Lataka ndoa iwe hai na wawili hao wawe wanaishi pamoja, lataka kipato, lataka Kiingereza cha kiwango cha kati, tena lataka mtihani. Na kuthibitisha kwamba mwaishi pamoja, huombwa barua sita za miaka miwili ya karibuni, kutoka angalau sehemu tatu tofauti, zilizoandikwa majina yenu wote wawili. Zikikosekana hizo, hutakiwa za kila mmoja kwa jina lake, zenye anwani ile ile moja.

Jioni ile ile nilimweleza mume wangu. Hakuwa mtu wa kuficha wala kudhulumu. Kwake yeye, kuandikisha kila kitu kwa jina lake kulikuwa ni kunibebea mzigo. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kweli. Nikifa kesho, nyumba hii haikujui." Wiki ile tuliandika upya mkataba wa nyumba, bili ya maji na kodi ya baraza, nami nikafungua akaunti ya benki. Nilinunua faili la rangi ya buluu. Kila bahasha iliyoingia yenye jina langu niliitia humo, hata ya daktari wa meno.

Juni 2020 Leicester ukawa mji wa kwanza Uingereza kufungwa peke yake kwa ajili ya korona, wakati miji mingine ikifunguliwa. Mwaka uliofuata kibali cha kwanza kilimalizika, nikaomba cha pili. Mtoto wetu alizaliwa katikati ya hayo yote. Faili la buluu likajaa, nikanunua la pili.

Mtihani ule una maswali 24 kwa dakika 45, na afaulu mwenye kupata 18. Wahusu historia, sheria na desturi za Uingereza. Nilisoma usiku, mtoto akiwa amelala, na mchana nikimsomea Bi Mkubwa jikoni kwake. Nilipomhesabia wake wa Mfalme Henry wa Nane, mmoja baada ya mwingine mpaka wa sita, alitikisa kichwa akasema, "Na bado wanatuuliza sisi kuhusu wanne!" Nilifaulu mara ya kwanza, alhamdulillahi.

Sasa nifike kwenye lile ambalo si rahisi kulieleza.

Disemba 2023 nilikuwa na nafasi ya kwenda Mombasa. Mamangu hakuwa mgonjwa wa kulala, lakini sauti yake kwenye simu ilikuwa imepungua. Ada ya ombi ilikuwa imepandishwa Oktoba ya mwaka huo mpaka pauni 2,885 kwa mtu mmoja. Nauli na ada havikukaa mfuko mmoja. Nikamwambia mama, "Nitamaliza hili la karatasi kwanza, kisha nije nikae mwezi mzima." Naye akajibu, "Maliza, mwanangu. Mambo nusu si mambo."

Februari 2024 nilituma ombi. Nikaenda nikapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Nilichokisoma haraka haraka ndani ya maelezo, na ambacho nawaomba nyinyi msikisome haraka, ni hiki: mwenye kuomba akiwa ndani ya nchi, kisha akatoka kabla ya jibu, huhesabiwa kwamba ameliondoa ombi lake mwenyewe. Nami kibali changu cha zamani kilikuwa kikielekea kwisha. Yule aliyeomba kwa wakati huwa halali kukaa mpaka apate jibu, hata kibali kikimalizika. Lakini uhalali huo hukatika siku avukapo mpaka. Na jibu laweza kuchukua miezi 6.

Mama aliugua katika kumi la mwisho la Ramadhani. Kakangu alinipigia simu tukiwa twajiandaa kwa daku. Nilikaa na mume wangu, tukapima. Nikienda, ombi limekufa na ada imepotea. Kurudi kungetaka viza mpya ya mke, iliyoombwa kutoka Kenya, na miezi ya kungoja. Tena miaka 5 ingeanza kuhesabiwa upya. Mtoto alikuwa hajatimiza miaka minne. Nisipokwenda... sikulimalizia neno hilo, wala mume wangu hakulimalizia.

Sikwenda. Mamangu alifariki katika mwezi wa Shawwal na akazikwa siku ile ile baada ya Alasiri. Kwangu Leicester ilikuwa karibu na saa nane mchana. Kakangu aliiacha simu yake wazi mfukoni mwa kanzu, nikaisikia sala ya jeneza, kisha nyayo nyingi, kisha upepo. Nilikuwa nimekaa sakafuni jikoni kwa Bi Mkubwa. Siku ya tatu alikusanya kina mama wa mtaa wake, wa Kihindi, wa Kisomali na mmoja wa Barawa, wakasoma khitma kwa ajili ya mtu wasiyemjua. Alipika mbaazi za nazi, kwa kuwa aliniuliza mamangu alipenda nini.

Jibu lilikuja Julai. Nimekubaliwa kukaa Uingereza bila kikomo cha muda. Baadaye ikaletwa kadi. Niliigeuza, nikasoma tarehe ya mwisho wake: 31 Disemba 2024. Nilimwonyesha mume wangu kwa hofu, akaniambia kwamba kadi zote ziliandikwa hivyo, kwa kuwa serikali ilikuwa ikiziondoa na kuhamia kwenye viza ya kidijitali. Ruhusa yenyewe haikuwa na mwisho. Hata hivyo niliitazama sana kadi ile. Jina lake ni makazi ya kudumu, na imeandikwa siku ya kufa. Sikuhitaji mawaidha mengine. Makazi ya kudumu dini yetu imeshatuambia yako wapi, na hayaombwi kwa fomu.

Agosti nilirudi Kibokoni. Nyumba ilikuwa na harufu ile ile ya udi na chumvi ya bahari. Dadangu alikuwa amenitunzia leso mbili za mama, hazikufuliwa. Nilikaa chumbani kwake siku mbili nisitoke.

Siku ya tatu aliingia binti wa dadangu, ambaye ameposwa na kijana anayeishi Uingereza. Alikuwa na furaha na maswali mengi. "Mama mdogo," akasema, "ni kweli ukishaolewa huko unapata karatasi?" Nikamwita akae kitandani, na niliyomwambia yeye ndiyo ninayowaambia nyinyi wasomaji wangu, kina mama na kina baba mnaooza mabinti.

Nilimwambia: ndoa yako isajiliwe kisheria hapa kwa kadhi, na cheti chake uwe nacho mkononi. Nikaha iliyofungwa Uingereza sebuleni peke yake, bila ya usajili wa serikali, ni ndoa mbele ya Mungu, lakini sheria ya huko haiitambui. Na wapo wanawake waliolijua hilo siku walipoachwa. Nilimwambia aulize kipato cha mposaji bila kuona haya, kwa sababu tangu tarehe 11 Aprili 2024 anayeomba viza hiyo kwa mara ya kwanza hutakiwa mwenziwe awe na angalau pauni 29,000 kwa mwaka. Nilimwambia aandikishe jina lake katika mkataba wa nyumba tangu mwezi wa kwanza, na pasipoti yake aihifadhi mwenyewe.

Nilimwambia pia lile ambalo wengi hawalisemi nyumbani. Mke aliye katika viza ya ndoa ya raia au mkaazi wa kudumu, akifiwa na mumewe, sheria humruhusu kuomba makazi ya kudumu bila kungoja miaka 5 itimie. Na akipigwa au kuteswa mpaka ndoa ikavunjika, upo mlango wake pia. Wako wanawake wanaovumilia mateso miaka kwa kudhani kwamba karatasi yao iko mkononi mwa mume. Sivyo. Na ushauri wa mambo haya utafutwe kwa wenye idhini ya kisheria ya kuutoa, si kwa kila aliye na kompyuta na kiti cha wageni.

Mwisho nilimwambia: kabla hujatuma ombi lolote linalokufunga ndani ya nchi, njoo umwone mamako kwanza. Ada ipunguke, ombi lichelewe mwezi kama kibali chako bado kina muda, njoo. Dadangu alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Hakusema kitu, alikwenda akaweka maji ya chai.

Watu huniuliza kama nilichagua sawa. Sina jibu lililonyooka. Mtoto wangu yuko na babake na mamake katika nyumba moja, nami naingia na kutoka nchi ile kwa jina langu, mradi nisikae nje miaka miwili mfululizo, maana hapo ruhusa hupotea. Nikitaka uraia wao naweza kuuomba, na wa Kenya nisiupoteze, kwa kuwa Katiba yetu ya 2010 imeruhusu uraia pacha. Hayo ni mema, na namshukuru Mola kwayo. Lakini bei yake naijua mimi, nayo haikuandikwa kwenye orodha ya ada.

Kwa hivyo jirani yenu akisema mwanawe "amepata karatasi", mpongezeni, kisha mwulizeni amengoja miaka mingapi, na ni maziko ya nani aliyoyakosa. Na aliye huko akipiga simu, msimwombe pesa kabla hamjamwuliza kama amelala.

Niliporudi Leicester, Bi Mkubwa alinikuta katika duka lile lile la mboga. Nilimletea leso ya Mombasa na achari ya maembe. Aliifungua leso palepale juu ya kreti za mihogo, akalisoma jina lake kwa sauti, herufi baada ya herufi, watu wakipita. Kisha akaniuliza kama Msikiti wa Mandhry bado upo, nami nikamwambia upo.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awape subira walio ugenini, na awarudishe salama kwa wanaowangoja. Amin.